Mwaka Mmoja Bila Mama: Namna ya Kuandaa Kumbukumbu Inayofanana Naye

Karatasi ya wasifu wa marehemu huletwa kwangu niisome, usiku wa kuamkia mazishi, maturubai yakiwa yanafungwa uani. "Marehemu mama yetu alizaliwa mwaka 1947, alibatizwa, alifunga ndoa takatifu, alijaliwa watoto saba, alikuwa mcha Mungu, mpole na mkarimu." Kesho yake naisoma kwa sauti yangu nzuri na watu wanaitikia. Shida ni kwamba niliisoma pia mwezi uliopita, kwa mama wa nyumba nyingine. Ukifuta jina na miaka, karatasi ni ileile.

Siku ya mazishi hilo linasameheka, hakuna aliyelala. Lakini mwaka unapita, familia inarudi nyumbani kwa misa ya kumbukumbu, na karatasi ileile inachomolewa kwenye bahasha pamoja na makosa yake yote. Hata mimi nilifanya hivyo kwa mama yangu mzazi. Tulipotoka kanisani mama mdogo alinivuta pembeni ya ukuta wa sakristia akaniuliza, "Huyo uliyemsoma ni nani?"

Mwongozo huu umetokana na swali lake. Naandika nikiwa Mkatoliki wa Kilimanjaro, kwa hiyo utaona parokia, jumuiya na kahawa. Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste atabadilisha sehemu chache, nami nitazitaja tukizifikia.

## Vitu vya kukusanya kwanza

- Biblia yake, kitabu chake cha nyimbo, rozari, sare ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au ya umoja wa wanawake wa kanisa lake, kadi ya jumuiya na bahasha za zaka alizobakiza.
- Madaftari yoyote yenye mwandiko wake, hata la kikoba au la madeni ya maziwa.
- Cheti cha kifo, cheti cha ubatizo na cha ndoa, kama vipo.
- Wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Usiutupe. Utausahihisha kwa kalamu nyekundu.
- Picha zake, hasa zile ambazo hakujiandaa kupigwa.
- Simu inayorekodi sauti, yenye nafasi ya kutosha, na daftari jipya.
- Watu watatu waliomjua katika nyakati tofauti: ndugu yake wa damu, mwanajumuiya mwenzake, na mkwe mmoja. Mkwe usimruke. Watoto tunamkumbuka mama, mkwe anamkumbuka mwanamke.
- Muda wa miezi minne kabla ya tarehe. Chini ya miwili utarudi kwenye karatasi ya zamani.

## Hatua ya 1: Zuia vitu visitawanyike

Nguo za marehemu hugawiwa mapema, na ni sawa, ndiyo desturi. Ila katika mgao huo hupotea vitu ambavyo hakuna aliyejua kuwa vina maana. Sare inaenda kwa shangazi, Biblia inachukuliwa na mjukuu anayejiandaa kwa kipaimara, daftari linawashia moto.

Kabla ya mgao, au hata baada yake kwa kumzungukia kila aliyepewa, piga picha kila kitu. Biblia ndiyo ipewe muda mrefu. Ifungue ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa simu. Kila kikaratasi ulichokikuta ndani kipige picha kikiwa palepale kilipolala, kisha ukirudishe hapohapo.

Sababu ni hii: mahali ni nusu ya habari. Mimi nilikuta risiti ya ada ya shule ya mdogo wangu imewekwa kwenye Zaburi ya 121. Risiti peke yake ni risiti. Ikiwa pale, kwenye "nitayainua macho yangu niitazame milima", ilinieleza muhula ule mama aliuvuka vipi.

Tahadhari: usibandike selotepu kwenye kurasa zilizochanika. Gundi yake hugeuka njano na kula karatasi laini. Wala usiifunge Biblia kwenye mfuko wa nailoni, itashika ukungu. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja vitu vitatu vya mama ambavyo ndugu zako hawakujua kama vipo.

## Hatua ya 2: Warekodi wazee, lakini usiwaulize alikuwaje

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unakwenda kwa mama mdogo, unakaa, unasema, "Tueleze mama alikuwa mtu wa namna gani." Naye atajibu kama watu wanavyojibu msibani: alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu. Umerudi mikono mitupu, na kosa si lake.

Uliza vitendo. Maswali yaliyonisaidia ni haya:

- Akiamka, kabla hajawasha moto, alifanya nini?
- Jumuiya ikikaa nyumbani kwake, aliandaa nini, na nani alikuwa wa kwanza kufika?
- Ni wimbo gani aliouharibu kila mara?
- Alipokasirika alinyamaza au alisema?
- Aliwahi kugombana na nani kanisani, na walipatanaje?

Swali la mwisho huwashtua watu. Liulize hivyohivyo, ila likiwa la mwisho, chai ikiwa imeshanyweka. Mama mwenye imani hakuzaliwa nayo imeiva, na mapatano yake na jirani yanaonyesha imani hiyo kuliko sifa kumi. Kwetu nilielezwa jinsi mama alivyobeba jani la isale kwenda kwa mwanamke waliyenuniana tangu Kwaresima, akaliweka mlangoni kwake. Kwa Mchagga isale ni kuomba radhi, na ukiletewa huwezi kukataa. Jumapili iliyofuata walikaa benchi moja. Kwenye wasifu wa kwanza hilo halikuwemo. Tuliandika "alipenda amani".

Waache wazee waongee kwa lugha yao. Usiwakatize kuomba Kiswahili. Tafsiri utaifanya nyumbani, na maneno mengine utayaacha kama yalivyo.

Tahadhari: washa kinasa sauti mbele yao na uwaambie. Utasikia pia mambo ambayo si ya kusomwa hadharani, kama mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, ugonjwa, au ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Hayo yabaki kwenye simu yako. Yanayohusu mtu aliye hai hayasomwi bila ruhusa yake, hata kama kijiji kizima kinayajua.

Umefanikiwa ukiwa na angalau visa vitano vyenye mahali, mtu wa pili, na kitu cha kushikika.

## Hatua ya 3: Nyoosha miaka

Wasifu mwingi huwa na mama aliyeolewa akiwa na miaka tisa, kwa sababu kila mtoto alitaja mwaka wake. Mzee hakumbuki namba, anakumbuka tukio. Mpe matukio:

- Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961.
- Azimio la Arusha, Februari 1967.
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.
- Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984.
- Papa Yohane Paulo wa Pili kuja Tanzania, Septemba 1990. Kwa mama Mkatoliki hili halikosi kumbukumbu.
- Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996.
- Kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999.

Mama mdogo aliniambia dada yake aliolewa "kahawa ya mwaka wa Azimio". Azimio lilikuwa Februari, na kahawa kwetu huvunwa kuanzia katikati ya mwaka kuelekea Desemba. Kwa hiyo nusu ya pili ya 1967. Nilikwenda parokiani na jibu hilo mkononi, na kitabu cha ndoa kikafunguliwa karibu na ukurasa wenyewe badala ya kupekua miaka kumi.

Vitabu vya parokia ndiyo hazina yako. Katika kitabu cha ubatizo, pembeni ya jina la mbatizwa, huandikwa pia kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja waweza kukupa tarehe tatu. Nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa, na taja parokia aliyobatiziwa, siyo ile aliyozikwa. Ukipata tofauti kati ya kitabu hicho na cheti cha kifo, usianze vita. Kwenye wasifu fuata kitabu cha ubatizo, kwenye mirathi fuata vyeti vya serikali.

Angalia na majina. Mama mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani la Kichagga, na jina la mume kwenye kitambulisho. Yote matatu yaandikwe mara moja mwanzoni, maana wapo watakaokuja ambao wanalijua moja tu.

## Hatua ya 4: Andika wasifu upya

Soma kwanza Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia mstari wa 36. Dorkasi amekufa kule Yafa. Petro anafika, anapandishwa chumba cha juu, na wajane wanasimama karibu naye wakilia. Hawamwambii Petro kwamba marehemu alikuwa mkarimu. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, ametaja ukarimu kwa sentensi moja, lakini wajane wameshika vitambaa.

Hiyo ndiyo kanuni yangu pekee ya wasifu: kila sifa iwe na nguo yake. Sifa isiyo na nguo, ifute.

Tazama tofauti. Wasifu wetu wa kwanza ulisema: "Mama alikuwa mwanamke wa sala aliyempenda sana Bikira Maria."

Wa pili ukasema: "Rozari ya mama ilikatika akiwa shambani. Tangu siku hiyo, akichuma kahawa, alifunga punje kumi kwenye pindo la kanga na kuhesabia Salamu Maria. Tulimnunulia rozari nyingine mbili. Alizigawa."

Ule wa kwanza watu waliitikia kwa adabu. Wa pili walicheka kidogo kwenye "alizigawa", halafu kanisa likanyamaza. Ukiuona ukimya wa namna hiyo, umemfikia mama.

Mpangilio ninaoutumia si wa miaka tangu kuzaliwa hadi kufa. Naanza na kisa kimoja chenye nguvu. Kisha nawapa watu tarehe zote kwa pamoja katika aya moja fupi, wazipate waridhike. Kisha visa viwili au vitatu. Namalizia na siku zake za mwisho kwa sentensi chache tu, bila maelezo ya hospitali.

Urefu: maneno 600 hadi 700. Ukisoma kwa utulivu, maneno 100 huchukua kama dakika moja, na baada ya dakika saba watoto wanaanza kulia na wazee kukohoa. Vyeo vyote alivyoshika kwenye jumuiya na chama vitaje katika sentensi moja. Orodha ya wajukuu ibandikwe ubaoni, isisomwe.

Weka na kasoro moja ndogo, ya kuchekesha. Mama yetu alikuwa anaanza ubeti kabla ya kwaya, kila Jumapili, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyefaulu kumrudisha. Nilipolisoma hilo, kwaya nzima iliinamisha vichwa kuficha meno. Bila kasoro, mama anageuka sanamu, na sanamu haililiwi machozi.

Ukimaliza, msomee mtu mmoja asiye wa familia bila kutaja jina. Akikwambia, "Huyo ni mama nanihii," acha kuandika. Akisema, "Ni wasifu mzuri," rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Tarehe na paroko

Watu wa Kilimanjaro tunapanda wote nyumbani Desemba, na kila familia inataka kumbukumbu yake kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wiki hiyohiyo kuna ndoa na jubilei. Nenda ofisini miezi miwili kabla.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kanisa Katoliki limeipa misa ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza nafasi ambayo misa za kila siku za marehemu hazina: inaweza kuadhimishwa hata ndani ya siku nane za Krismasi. Haiadhimishwi Jumatano ya Majivu, wala siku za Juma Kuu, wala Jumapili. Ukitaka iwe Jumapili, misa itabaki kuwa ya Jumapili, na jina la mama litatajwa kama nia. Ni halali kabisa, ila masomo hutayachagua wewe. Mweleze paroko tangu mwanzo unataka ipi kati ya hizo mbili, ndipo kwaya ijue inajiandaa kwa nini.

Walutheri na Wapentekoste wengi hawamwombei marehemu. Kwao siku hii ni ibada ya shukrani, na neno hilo liandikwe hivyo kwenye ratiba. Penye familia iliyochanganyika, kama yetu ambako dada ameokoka, ugomvi huanzia hapa. Tulikubaliana hivi: misa ifuate imani ya mama, kwa sababu siku ni yake. Jioni, nyumbani, dada akaongoza nyimbo na neno la shukrani kwa namna ya kanisa lake. Kila mmoja alihudhuria ya mwenzake, na hakuna aliyelazimishwa kuitikia asichokiamini.

## Hatua ya 6: Masomo na nyimbo

Kwa misa ya marehemu wengi huchagua Hekima 3, mstari wa 1 hadi wa 9, ule unaosema roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Sasa sikia yaliyotupata. Msomaji alikuja na Biblia ya Union Version, akapanda mimbari, akatafuta kitabu cha Hekima. Akatafuta. Toleo lake halikuwa nacho, kwa kuwa ni moja ya vitabu ambavyo Biblia nyingi za Waprotestanti hazina. Chapa masomo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na umpe msomaji wiki moja kabla.

Kama mama alikuwa ameweka alama mahali fulani, muulize paroko kama pafaa. Alama ya kalamu ya mama ina uzito kuliko chaguo lako.

Nyimbo tatu zitoshe: moja ambayo yeye aliipenda, moja ambayo kijiji kizima kinaijua, na moja ya kwaya. Wape kwaya mwezi mzima.

## Hatua ya 7: Kaburi

Kwetu mama huzikwa kihambani, kwa hiyo kaburi utaliona kila ukienda kukata mgomba. Usiharakishe kulijengea. Udongo uliofukuliwa hushuka, hasa ukipigwa na masika ya Machi hadi Mei. Ukijenga kabla haujashuka, zege litapasuka katikati. Subiri masika moja yapite, jazia udongo, shindilia, ndipo umwite fundi. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji kila siku kwa siku saba, na kivuli cha majani ya migomba juu yake ni bora kuliko jua kali.

Maandishi ya bamba ndiyo hatari kubwa. Fundi huchonga anachokiona kwenye karatasi, na ukimtumia kwa simu atachonga hata kosa la simu. Andika kwa mkono, herufi kubwa, watu wawili wasaini, mmoja wao awe aliyekwenda parokiani kwenye hatua ya 3. Bamba letu la kwanza lilimpunguzia mama miaka kumi. Alikuwa angefurahi, lakini tulilipia la pili.

Masale, ile mimea ya isale, yaliyopandwa pembeni yaachwe. Mruhusu paroko abariki kaburi na msalaba siku hiyohiyo baada ya misa, na mwambie mapema ili aje na maji ya baraka.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Chagua msomaji wa wasifu na msomaji wa akiba. Wa akiba asimame hatua mbili nyuma yake, akiwa na nakala iliyopigiwa mstari. Mtoto wa marehemu akizidiwa na machozi, mwenzake anaendelea kutoka neno lilelile. Bila hivyo mtu wa kipaza sauti atajaza pengo kwa pambio, na wasifu utaishia hapo.

Kwenye matoleo wajukuu wapeleke vitu vya kazi yake. Sisi tulipeleka kikapu cha kahawa na mkungu wa ndizi, na bahasha moja ya zaka aliyoiacha bila kuijaza. Tuliijaza.

Chakula kiwe cha kawaida: mtori, pilau, mbege kwa wanaokunywa. Kamati ikianza kuzungumzia mapambo na sare mpya kwa watu 300, mtu mmoja awaulize mama alitumia shilingi ngapi kwenye kipaimara chenu.

## Hatua ya 9: Baada ya wageni kuondoka

Chapa wasifu uliosahihishwa, nakala moja kwa kila mtoto na moja kwa katibu wa jumuiya. Sauti za wazee zihifadhi sehemu mbili, kwenye simu na kwenye flashi, na kila faili lipe jina la msemaji na tarehe, kwa sababu baada ya miaka mitano hutakumbuka "rekodi 0017" ni nani.

Muombe mwenyekiti jumuiya ikae nyumbani kwa mama angalau mara moja kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, hata kama nyumba siku hizi ina mlinzi tu. Atakayefungua mlango awe mmoja wenu.

Mwaka huu tulikaa hivyo mara ya pili. Mama mdogo aliomba nimwekee rekodi yake mwenyewe, ile ya isale. Aliisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimekosea kwenye wasifu: mama hakuliweka jani mlangoni, alilishika mkononi hadi yule mama alipotoka. Nimeshasahihisha.